Inspekta wa Koti la Mvua

Nikisikia harufu ya maziwa ya ngamia, yale yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, narudi Garissa mara moja, kwenye nyumba za walimu zilizozungukwa na mchanga. Mama alikuwa amehamishiwa huko kutoka Mwingi kufundisha, na maziwa yetu yaliletwa kila asubuhi na Mama Hodan, mwanamke mrefu wa Kisomali asiyepoteza maneno. Bintiye, Hodan, ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee mji mzima. Kila Alhamisi jioni alikuja kuketi nami mkekani tutazame tamthilia ya zamani ya wapelelezi. Kulikuwa na inspekta mnene mwenye koti refu, aliyechunguza mambo polepole mpaka Mama anasinzia. Mwishoni aliwakusanya washukiwa sebuleni, akazunguka weee, kisha akamnyooshea kidole yule ambaye hakuna aliyemdhania. Basi nami nikawa inspekta. Nilivaa koti la mvua la Mama, Garissa ile ambako mvua ni habari ya redioni, jasho likinitiririka mpaka visiginoni. Hodan alikuwa konstebo. Kazi yake ilikuwa kubeba daftari na kunipepea.

Tulichokosa ni mwizi tu. Jumamosi moja Bibi alikuwa anakuja kutoka Mwingi, na Mama alinunua kilo ya nyama ya mbuzi, akaiacha mezani nje ya jiko ikiwa bado imefungwa gazeti, akaenda kumpokea stendi. Mimi nilibaki nikifagia uwanja, kwa maana Mama hakukubali mgeni akute ua haujafagiwa. Hodan alikuwa amekaa kizingitini akinisubiri. Waliporudi, meza ilikuwa tupu. Naona aibu kusema hivi, lakini nilifurahi kupita kiasi.

Nikavaa koti. Nikawaketisha sebuleni Mama, Bibi na njaa yake, Hodan, na Mama Hodan aliyekuwa amefuata kibuyu chake. Nilizunguka nikijiuliza ni nani nisiyemdhania hata kidogo. Bibi ndiyo kwanza ameshuka basi. Mama hawezi kujiibia. Katika dunia nzima, mtu nisiyeweza kumdhania ni Hodan, kwa hiyo, kwa hesabu za tamthilia, ni yeye. Nikamnyooshea kidole na kutamka methali tuliyofundishwa wiki ile, kikulacho ki nguoni mwako. Kweli ulimi hauna mfupa. Nilingoja wacheke, lakini Mama hakucheka. Alimgeukia Hodan, akauliza taratibu kama kweli ndiye aliyekuwa karibu na meza. Hodan aliniangalia mimi, si Mama, akaliweka daftari sakafuni. Hapo nikajua nimempoteza.

Mama Hodan aliinuka. Alisema mtoto wake hali cha haramu, na kama ndivyo tunavyomdhania, yeye na Hodan hawatakanyaga tena pale. Kisha akatoka nje, akainama juu ya mchanga. Huyu alikuwa mtu wa kuona alama ya mguu akakwambia ni ngamia wa nani na amepita lini. Akasimama kiuno wima.

“Nani amefagia hapa?”

Nikasema ni mimi.

“Na bolisi wa TV yenu, nao wanafagia kwanza?”

Kilichotuokoa ni uvivu wangu. Nyuma ya jiko sikuwa nimefika. Alizikuta huko nyayo za vidole vitatu virefu, akazifuata hadi chini ya mti, akainua kichwa. Juu ya mgunga alisimama korongo, mmoja wa wale wenye upara wanaozurura mjini kama wazee wasio na kazi, koo limemvimba, na kipande cha gazeti kikining’inia mdomoni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mama alimwomba Mama Hodan radhi kwa mikono miwili. Nami niliambiwa nimwombe Hodan, nikajificha ndani ya koti.

Maziwa yaliendelea kuja, lakini Hodan alibaki langoni wiki mbili nzima. Mwishowe nililitundika koti langoni nikakimbia. Alhamisi akaja amelivaa, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyepepea.

Siku hizi wapelelezi wa kwenye runinga humkamata mwizi kwa unywele mmoja na kompyuta, na saa moja haijaisha. Mimi ni mwalimu Mwingi. Hodan ni mpelelezi kwelikweli, na nasikia akifika penye tukio, neno lake la kwanza ni kuuliza nani amefagia. Mwezi uliopita alinitembelea, akaniwekea mkononi kitu kilichofungwa gazeti, kizito, kinachovuja kidogo.

“Nimerudisha nyama yenu,” akasema.

Nilicheka, kisha nikamwambia nililoshindwa kulisema miaka yote ile: nisamehe, Hodan. Alinitazama mimi, vilevile kama siku ile.

“Tutaliangalia hilo tukishakula. Washa jiko, na nyama usiiache nje.”