Redio Koli ya Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika darasa la awali kule Baray, mwalimu mkuu alinikuta nimekaa chini nauziwa na watoto nyanya za udongo. "Mwalimu, umeajiriwa kufundisha au kucheza?" Nilimjibu kwamba kwa umri ule ni kitu kimoja. Hakunipenda mpaka siku nahamishwa.

Nilihamishiwa Karatu mjini, nikastaafia hukohuko. Darasani nilitenga kona ya kazi, yaani mahali pa watoto kuigiza kazi za wakubwa: nesi, fundi, mwenye duka. Wangu walitaka udereva wa watalii tu. Viti vilikuwa gari, na boksi la sabuni likawa redio koli, ile ambayo madereva huitana nayo wakiwa kreta, lile bonde la wanyama wanakopeleka watalii. Mmoja alikuwa askari wa geti, maana kila gari lazima litoke kabla geti halijafungwa.

Neema alikuwa na miaka mitano baba yake, dereva, alipofariki kwa ajali kwenye mteremko wa kreta. Wakati wa mazishi alipelekwa kwa bibi yake, kijijini Daa. Aliporudi, mama yake alinishika mkono. "Mwalimu, nimemwambia baba yuko safari. Naomba usimwambie kitu."

Mwalimu mkuu wetu wa Karatu akaongeza, "Hayo ni ya kifamilia. Kaa kimya."

Niliumia, lakini nikatii.

Kila asubuhi Neema alishika boksi lake. "Baba, uko wapi? Ova." Watalii wake, wenzake wa viti vya nyuma, walikuwa wakitazamana. Wao walikuwepo msibani, wakaliona jeneza.

Siku moja zamu ya geti ilikuwa ya Naserian, mtoto wa jirani yao. Neema akaita kama kawaida. Naserian akainua boksi lake akajibu, "Hilo gari halijatoka. Geti limefungwa. Ova."

"Litatoka kesho?"

"Halitoki. Baba yako tulimzika."

Neema aliweka redio chini taratibu, akawageukia watalii. "Shukeni. Safari imeisha."

Sasa nimestaafu. Wazazi hunisimamisha sokoni kuniuliza mtoto anajifunza nini kwa kucheza. Nawaambia anajifunza kazi zenu, pamoja na yanayowapata mkiwa kazini. Hawapendi jibu hilo.

Neema amekuwa binti mkubwa, na hupita kwangu kuniaga akienda kwa bibi yake. Mara moja nilijisahau nikamtakia safari njema.

"Siendi safari, mwalimu," akanirekebisha. "Nakwenda Daa. Kesho narudi."