Ufunguo Niliouacha Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa magari wa hospitali hakuuliza leseni. Alinipeleka kwenye ambulansi, akanionyesha ufunguo.

"Unaona hii? Inabaki kwenye kontakti, usiku na muchana. Siku utaenda nayo mu mufuko, mutu atakufa."

Kontakti ni pale unapowashia gari. Ambulansi haina mwenyewe: dereva anayeshuka huacha ufunguo hapo, anayepanda haulizi. Mkono wangu ulizoea hivyo. Desturi hiyo ilinifanya dereva mzuri na mpangaji mbaya.

Nilipanga nyumba mtaa wa Nengo kwa Hadji Sudi, muuza vitenge. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na anayetaka kutoka mapema alipaswa kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Nilitia sahihi bila kufikiri. Mke wangu Vestine akaweka cherehani dirishani, na haikuchukua muda akapata wateja wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, wanawake wanaovuka kwenda Goma asubuhi na kutaka blauzi iwe tayari jioni.

Mwezi wa tano wa mkataba, ugonjwa wa mlipuko ulizuka upande mwingine wa nchi. Shefu akanipa ordre de mission, yaani karatasi ya kutumwa kazini.

"Kesho asubuhi. Huko hawana madereva wa kutosha. Ukifika, utabaki."

Sifichi, nilifurahi. Nikikaa mahali pamoja miguu huniwasha. Tulifunga mizigo, Vestine akaenda kwa dada yake Rugerero kusubiri pikapu ya Jumamosi ije kubeba vitu. Asubuhi Hadji alikuwa ameshatoka kwenda sokoni. Nikaacha ufunguo mlangoni, kama kwenye kontakti, nikaondoka.

Jumamosi pikapu ilikuta kufuli jipya. Ndani kulikuwa na cherehani na vitambaa vya wateja. Vestine alinipigia simu akilia, nikamwomba ampe Hadji.

"We dereva," alisema Hadji, "nyumba haiko ambulansi. Mutu haiachi na funguo mu mulango. Mwizi angeingia, ungesema Hadji ndiye alikula vitu."

"Hadji, nimeitwa kazini. Watu wanakufa huku."

"Mungu awasaidie. Lakini mi sikukufukuza. Vitu vyako viko kwangu, donc weye uko kwangu. Miezi tatu, kama mukataba unasema."

Miezi mitatu bila cherehani, Vestine angepoteza wateja wote. Nami sikuweza kurudi, nilikuwa nikibeba wagonjwa kutwa. Nikampigia shefu. Aliguna tu, akakata.

Kesho yake shefu mwenyewe alikwenda Nengo na nakala ya ordre de mission. Vestine alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Hadji, siku mama yako alianguka, ambulansi ilifika haraka, si ndiyo?"

"Haraka sana. Allah amubariki ule dereva."

"Ule dereva alitoka wapi?"

"Kwake."

"Kwake ni nyumba ya kupanga, Hadji. Kama huyu mupangaji wako. Wangemufungia vitu, mama angebebwa na nani?"

Hadji alisoma karatasi mara mbili. "Bon. Hii ingenifikia mbele ya dereva kuhama, ningebisha nini? Tukague nyumba."

Wakakagua: kuta, bomba, kioo kilichopasuka kabla yetu. Wakatia sahihi wote wawili, shefu kwa niaba yangu. Kufuli likafunguliwa.

Tangu siku hiyo sikupanga nyumba bila sentensi hii, iliyoandikwa kwa mkono chini ya mkataba: "Mpangaji akiitwa kazi ya dharura mbali na hapa, mkataba unaisha siku anapoonyesha karatasi ya kutumwa, nyumba ikishakaguliwa na ufunguo ukishapokelewa mkononi." Nilihamishwa mara tatu zaidi. Mkurugenzi mmoja alicheka: "Wewe unahama na katiba yako!" Mwenye nyumba mmoja aliikataa, nikatafuta kwingine. Sijui sheria za kila mahali zinasemaje. Najua kwamba siku ya kuitwa kila mtu huuliza karatasi, nanyi mnaoanza kazi leo iandikeni sentensi hiyo mapema. Niliifundisha kwa madereva na wauguzi kila nilikopita.

Mgongo ndio ulionitoa kwenye usukani kabla ya uzee. Sasa niko Rugerero, na nina vyumba viwili vya kupangisha. Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa muuguzi, Clarisse. Kabla ya kutia sahihi alitoa simu.

"Mzee, muniwekee na hii."

Ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno.

"Nani alikupa?"

"Wauguzi wote tunayo. Ilitoka kwa dereva fulani."

Nikaiandika. Wiki sita baadaye alikuja na ordre de mission mkononi, moto, yaani pikipiki ya abiria, ikimsubiri barabarani. Alikuwa mpangaji safi, na vyumba huku havipati mtu upesi. Niliisoma karatasi mara mbili. Vestine akainua macho kutoka kwenye cherehani.

"Ehee! Leo Hadji ni wewe."

Tukakagua kuta na bomba, tukatia sahihi. Clarisse akakimbilia moto, ufunguo ukabaki mlangoni.

"Binti, rudi!"

Alirudi akicheka, akauweka kiganjani mwangu. Nilisimama nao barabarani mpaka moto ikapotea kwenye kona, miguu ikiniwasha.