Mchanga wa Chini ya Banio

Leo asubuhi niliamka Temeke nikiwa sina mpango wowote. Nikatia kanga mbili na mswaki kwenye mfuko, nikamwachia jirani ufunguo, nikaondoka. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la tano: miguu ikitaka kwenda, sibishani nayo. Safari hii ilinipeleka Goba, nikateremka bondeni kuutazama mto wa utotoni mwetu. Nilikuta ukuta wa nyumba ya ghorofa, na chini yake maji membamba yakipita katikati ya chupa za plastiki.

Wenzangu mliokulia bondeni mnaujua mto ninaousema. Sie tuliuoga, tuliunywa, tuliugombania. Asubuhi kabla ya shule tulikatiza kwenye matuta ya mchicha yenye umande, tukatoka tumelowa hadi magotini. Mchana Mama alitufunikia mihogo ya kuchemsha chini ya kawa, na chachandu ya pilipili pembeni. Wenzangu walipenda rede. Mimi mchezo wangu ulikuwa banio.

Kwa asiyekulia huko, banio ni kizuizi kinachokatiza mto ili maji yapande kidogo na kuingia kwenye mfereji wa bustani. La kwetu lilikuwa la fito na viroba vya mchanga, na kila masika mto ulilibeba. Mvua zikiisha mfereji unabaki mkavu, na Mama anamwagilia matuta kwa ndoo ya kichwani mpaka shingo inakakamaa. Mwaka mmoja lilipobebwa tena alisema, "Likienda jingine, tunahamia Ukonga kwa mama yenu mdogo. Sitaki kuzikwa na ndoo." Hakuwa anatania. Alifunga sahani zake za sikukuu kwenye furushi, akaliweka nyuma ya mlango.

Mjomba Shabani, mdogo wake Mama, alikuwa fundi mwashi, akaapa kujenga banio la zege. "Dada, ukuta huu nikiusimamisha, hata kiama kitaukuta."

Zege lilitaka mchanga, na kuubeba ilikuwa kazi ya watoto. Mchanga mzuri ulikuwa kwenye kona ya juu ya mto, tena ni mbali, na njia nzima ni jua kali. Lakini mimi niligundua kwamba hapo hapo, chini tu ya ukuta, kulikuwa na mchanga mwingi na kivuli. Nikawaonyesha wenzangu. Tukachimba siku nne tukiimba, na Mjomba akanisifu mbele ya watu: "Huyu mtoto ana akili, mwacheni." Ukuta ulivyopanda, ndivyo shimo lilivyoshuka.

Jirani yetu Baba Eliya, karani aliyetoka Upare, ambako watu wanazaliwa na kuikuta mifereji, alikuja Jumamosi na mabuti yake akauzunguka ule ukuta. Ulikuwa mrefu, mwembamba, umenyooka kama wa choo. "Fundi," akauliza, "hapa maji yataangukia wapi?"

"Yataangukia chini! Huko kwenu milimani yanaangukiaga juu?"

Bonde zima likacheka. Shimo likawa bwawa letu la kuogelea. Maji yalipoanguka humo yalitoa sauti nzito ya mtungi unaojazwa, nami nilijilaza ukingoni kuisikiliza, nikaona hakuna ngoma inayoifikia.

Masika yalipoanza, ukuta ulilala. Haukupasuka wala kumeguka. Uliinama mbele ukaingia shimoni mzima mzima, kama mzee anayeketi. Mjomba akasimama mvuani akipiga kelele, "Hauna hata ufa! Njooni mtazame, hauna hata ufa!"

"Hauna, Fundi," akasema Baba Eliya. "Mmeuchimbia kitanda wenyewe."

Mama hakucheka. Alitazama mfereji, kisha akatazama nyumbani, kwenye furushi. Nikamshika kanga nikamwambia kwamba pale pa kuchimba nilipachagua mimi. "Basi mchanga wa watu utaurudisha," akasema.

Tuliurudisha wote. Mvua zilipopungua, Mjomba na Baba Eliya walikaa wakagombana mpaka wakakubaliana: banio jipya liwe fupi na nene, mgongo wake uteremke taratibu, ncha zake zizamishwe kwenye kingo zote mbili ili mto usilizunguke, na pale maji yanapoangukia pawe na mawe makubwa yaliyopangwa. Ukingoni tukapanda majani ya mabingobingo yashike udongo. Mama akatoa sheria: anayechota ndoo moja ya mchanga chini ya banio anarudisha tatu.

Masika yaliyofuata tulikwenda kutazama asubuhi. Maji mekundu yalipita juu ya banio, yakatawanyika kwenye mawe kwa povu, na banio limekaa. Mama alirudi nyumbani akafungua furushi, na siku hiyo tulikula ugali na mchicha kwenye sahani za sikukuu.

Watoto wa siku hizi maji wanayajua ya chupa. Nilimsimulia mpwa wangu haya, akaniuliza bila kuinua macho kwenye simu, "Sasa Aunti, mbona hamkupiga picha?" Mwanangu, tungepiga kwa mikono ipi? Yote ilikuwa na matope.

Basi, kutoka Goba niliendelea hadi bonde la Mpiji, nikawakuta kina mama wanajenga banio la zege. Vijana wawili walikuwa wakichota mchanga hatua chache chini yake.

"Jamani, hapo msichimbe!" nikasema kabla hata ya salamu.

Mwenye bustani, Mama Zainabu, akajishika kiuno. "We dada ni injinia?"

"Mie nimeishia la tano."

"Sasa unajuaje?"

"Nishaliangusha moja."

Walicheka mpaka wakatua ndoo. Kisha nikapewa ndoo na mie.

Jua lilipoinama Mama Zainabu alinionyesha pa kulala: kibanda cha majembe na mipira ya maji, mkeka safi, dirisha linalotazama mto. Ndimo nilimoketi. Goba hakuna tena bustani, na Mama na Mjomba wametangulia. Lakini hapa maji yanaruka ukuta ambao haujaisha, yanaanguka kwenye shimo la wale vijana kwa sauti ile ile ya mtungi unaojazwa, tamu kama zamani. Nimeomba wanivumilie nikae dirishani niisikilize. Kesho tunapanga mawe humo shimoni na sauti itazimika, na jiwe la kwanza nitaliweka mimi.