Sisimizi Wetu wa Eda

Mume wetu alifariki siku chache kabla ya mvua za vuli, wakati wa ile vita kubwa, nguo zilipokuwa adimu hata sanda yake ikapatikana kwa tabu. Mimi nilikuwa mke mdogo, na nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mwenzangu, mke mkubwa, alikuwa amenizidi umri kiasi cha kuweza kunizaa. Watoto wake wote aliwazika kabla hawajatambaa.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kutueleza masharti kutoka barazani, sisi tukimsikiliza nyuma ya pazia. Mwenzangu angekaa eda miezi minne na siku kumi. Mimi eda yangu ingekwisha siku nitakayojifungua. Tukabaki wawili katika nyumba ile ya Kisarawe, yenye ukumbi katikati, chumba chake upande huu na changu upande ule.

Hatukuwa maadui. Ila tangu nilipoletwa kutoka kwetu Janga, maneno yetu yalikuwa shikamoo ya asubuhi na marahaba yake, basi. Chumvi ikiniishia nilikwenda kuomba kwa jirani, na chumvi yake iko jikoni mbele ya macho yangu. Alipokuwa hai mume wetu, yeye ndiye aliyekuwa njia ya maneno yetu. Sasa njia ilikuwa imezibwa.

Asubuhi moja, mvua ilipokuwa imenyesha usiku kucha, nilikuta uani wadudu wametapakaa, wenye mabawa na wasio na mabawa. Nikachukua fagio. Mwenzangu alikuwa amekaa mlangoni kwake anakuna nazi.

"Usimfagie huyo, mdogo wangu," alisema. "Huyo si kumbikumbi."

Nilisimama na fagio mkononi. Hakuwa amewahi kuniita mdogo wangu.

Aliinuka, akainama, akamwinua kwa ncha ya ukuti. Alikuwa mdudu mweusi, mrefu kama punje ya mpunga mara mbili, tumbo linang'aa. Baba yake mwenzangu alikuwa mrina asali huko Maneromango, na utoto wake wote alimfuata msituni, kwa hiyo wadudu aliwajua kama wengine tunavyowajua kuku. Alinionyesha. Kumbikumbi hana kiuno, mwili wake umenyooka tu, na mabawa yake manne yanalingana. Huyu alikuwa na kiuno chembamba kama uzi, na pembe zake zilikunjika kama kiwiko. Dume wake huwa mdogo, kichwa kidogo, na hufa siku hiyohiyo. Huyu mabega yalikuwa yamevimba, na juu yake palikuwa na vijikovu viwili kila upande, pale alipoyang'oa mabawa yake mwenyewe.

"Angekuwa bado na mabawa, usingejua kama ameolewa," alisema. "Huyu ameolewa na amefiwa tayari. Ni mama wa sisimizi. Anatafuta pa kuchimba."

Neno malkia nililisikia miaka mingi baadaye kwa wanangu waliosoma. Sisi tulimwita mama.

Kwenye dirisha kulikuwa na chupa ya dawa ya kifua ya marehemu, tupu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Mwenzangu aliichukua, akaisuuza mpaka harufu ikaisha, akatia maji kidogo, kisha akashindilia sufi ndani mpaka maji yakazuiwa nyuma yake na sufi ikabaki na unyevu tu. Akamwingiza mdudu, akaziba mdomo kwa sufi kavu. Aliilaza chupa pembeni mwa chumba chake, akaizungushia kipande cha kaniki ili pawe na giza kama shimoni. Nilimuuliza atakula nini. Akasema hatakula kitu mpaka watoto wake wakue. Yale mabega yaliyovimba ndiyo chakula chake. Nguvu iliyokuwa ya kurukia ataigeuza kuwa ya kulelea.

Sijui kwa nini alimhifadhi. Nafikiri alikuwa mtu wa shamba, mikono yake haikuzoea kukaa, na eda ilimfungia ndani na jembe lake limeegeshwa ukutani. Mimi kwangu ilikuwa sababu ya kuingia chumbani kwake. Kila baada ya siku kadhaa alifunua kaniki kidogo, akanikaribisha nitazame. Mayai yalianza mawili matatu, meupe, madogo kuliko chembe za chumvi. Yakawa kirundo. Mama aliyabeba mdomoni, akayalamba, akayahamisha karibu na unyevu. Kisha baadhi yakawa funza wadogo waliojikunja. Tukikaa pale tukitazama, tulianza kuzungumza. Alinisimulia watoto wake, kila mmoja alivyokuwa. Mmoja alikuwa na nywele nyekundunyekundu alipozaliwa. Mwingine alikuwa akicheka usingizini. Mume wetu hakuwahi kuniambia habari zao hata siku moja.

Uchungu ulinianza mimba ikiwa ya miezi saba. Mkunga aliitwa, na wanawake wa jirani wakajaa nyumbani. Mwenzangu alinipakata kichwa tangu asubuhi hadi alasiri. Mtoto alikuwa mwanamume, ametimia viungo vyote, na hakulia. Walimvika kitambaa kilichobaki kwenye sanda ya baba yake. Wanaume wakaenda kumzika, nami nikasikia nyayo zao zikipotea upande wa mikorosho.

Katika pilikapilika zile, mtu aliyekuwa akitafuta chupa ya kutilia mafuta aliichukua ile yetu, akaivua kaniki, akaiweka juani uani mpaka jioni. Mwenzangu aliiona baadaye akairudisha. Siku niliyoweza kusimama nilikwenda chumbani kwake, maziwa yananichuruzika, nguo imelowa kifuani. Nilifunua kaniki mwenyewe. Mama alikuwa peke yake. Hapakuwa na yai wala funza.

"Wako wapi?" nilimuuliza.

Hakunificha. "Akitikiswa, akaona hatari, huwala. Hupata nguvu ya kutaga wengine."

Nilimwambia aitupe chupa ile. Nilisema maneno mengine pia ambayo siyakumbuki, ila nakumbuka kwamba sauti yangu ilitoka kubwa, na jirani mmoja akachungulia. Mwenzangu aliifunika chupa, akaisogeza nyuma ya mtungi nisiweze kuiona, kisha akachemsha maji, akanikanda matiti kwa kitambaa cha moto mpaka maziwa yakapungua. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, siku nyingi. Alikuwa anajua namna ya kukanda, na alikuwa anajua nini cha kutosema.

Wiki hizo zilikuwa na joto kali, na mimi nililala tu nikitazama makuti ya dari. Kaka zangu wakaja kutoka Janga kunichukua. Walikuwa na haki. Eda yangu ilikuwa imekwisha siku ile mtoto alipozikwa. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema hivyo, na hakuna aliyeweza kunizuia. Kaka mkubwa alikwishafunga mzigo wangu mdogo kwenye mkeka. Nilitoka hadi barazani. Nikageuka, nikamwona mwenzangu amesimama ndani ya ukumbi, pale ambapo sheria ilimtaka akomee, mikono imekunjwa. Hakunisihi. Angenisihi labda ningekwenda.

"Kaka, nisamehe," nilisema. "Nitatoka siku atakayotoka mwenzangu."

Kaka alikasirika, akasema mke mwenza si ndugu. Hata hivyo alifungua mkeka, wakanywa uji, wakaondoka.

Mwenzangu aliingia chumbani kwake, akatoka na chupa, akaiweka mbele yangu bila kuifunua. Nilifunua mimi. Palikuwa na mayai mapya, na funza wanene, na vifuko viwili vya rangi ya pumba za mpunga. Siku zilizofuata vifuko vikaongezeka, na kabla eda yake haijaisha walitoka sisimizi wa kwanza, wembamba, wenye rangi hafifu, wanatembea kama walioamshwa kabla ya wakati. Aliniambia wa kwanza huwa wadogo siku zote, maana mama aliwalea kwa njaa. Tulichovya njiti kwenye asali, tukawawekea. Walikunywa, wakaenda kumnywesha mama yao.

Watu wanaposimuliwa habari hii hutaka iwe na fumbo. Mimi sikuona fumbo. Alikuwa mdudu, na sisi tulikuwa wanawake wawili tuliofiwa, na alitupa cha kutazama.

Eda ilipoisha wanawake walimwogesha mwenzangu, wakamvika nguo mpya. Ndugu wa marehemu walikuwa wanaihitaji nyumba. Yeye angerudi Maneromango kwa kaka yake, mimi Janga. Asubuhi ile alizibua chupa chini ya mnazi nyuma ya jiko, akailaza, akaondoka bila kusubiri watoke. Tulitembea pamoja hadi barabarani. Nilimwamkia kama nilivyomwamkia kila siku, akaniitikia, akanishika shavu, akapanda lori la mkaa.

Tuliahidiana kutembeleana. Lakini niliolewa tena, nikazaa, na barabara ya Maneromango wakati wa masika haikupitika. Kila mwaka nilisema baada ya mavuno. Habari za kifo chake zilinifikia kwa mwuza machungwa, mwenzangu amekwisha kuzikwa muda mrefu. Nilikwenda hata hivyo. Wifi yake alinipokea vizuri, akanipeleka kaburini, pameota nyasi. Aliniambia kwamba mwenzangu aliumwa siku nyingi, na kwamba mwishoni alikuwa akisema, "Mdogo wangu aitwe." Wao walidhani anamtaka mdogo wake aliyezaliwa naye, ambaye alikufa zamani, wakaona ni homa. Kwa hiyo hawakumtuma mtu.

Nililala kwao, asubuhi nikamsaidia wifi kumenya mihogo, nikaanza safari ya kurudi. Nilipofika nyumbani mume wangu alinitua mzigo, akaniuliza msiba ulikuwa wa nani hasa. Nikaanza kumweleza, nikaona sijui pa kuanzia. Nikamwomba maji ya kunawa miguu.