Niliyempeleka Mgeni Mlangoni

Leo rafiki yangu amekuja darasani na hina mikononi. Harufu yake imenikumbusha mpangaji mwenzetu wa Mkuyuni, mama wa Kiislamu kutoka Burundi, aliyekimbia kipigo cha mumewe na kuishi kwa kupaka maharusi hina.

Nilikuwa mdogo. Mwanaume mmoja alinisimamisha njiani, nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Yule dada anayepaka hina anakaa wapi?"

Nyumbani tulifundishwa kwamba mgeni haelekezwi kwa kidole, anapelekwa. Nikampeleka hadi mlangoni.

"Vaa viatu, twende," akamwambia yule mama.

"Siendi. Nimeshaomba talaka kwa shehe. Kunipiga siyo dini."

"Wewe wa kuja hapa, nani atakutetea?"

"Sisi!" mama yangu alijibu kutoka uani, na wapangaji wote wakatoka. Mume akaondoka akitukana.

Kesho yake yule mama alihama, maana chumba kilishajulikana. Tulipokuwa tukimsaidia kufunga godoro, mama yangu akauliza, "Hivi nani alimleta yule mwanaume huku?"

Nikasema sijui.

Yule mama, aliyeniona nikifika na mumewe, alinitazama kidogo.

"Hata mimi sijui," akasema.