Karoti Nilizozirudisha Mgeta

Ngoja niwasimulie mwenyewe, maana Festo akiisimulia hii anatia chumvi, na kwa kweli haihitaji. Aibu ni yangu, nimeshaizoea, siku hizi nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi mke wangu anauliza kuna nini.

Wakati ule nilikuwa na mwezi wa tatu sijagusa kitu kilichopita jikoni. Nilianza kwa sababu ya kitambi: niliona kwenye simu watu wanaokula matunda na mboga mbichi tu wanavyong'aa, nikasema na mimi naweza, na kweli niliweza, ila nikawa kero mji mzima, sokoni nagonga kila tikiti, nanusa kila nanasi, nawafundisha akina mama kwamba parachichi hili limechumwa kabla ya msimu wake (wao ndio waliolipanda!), hadi wakiniona kwa mbali wanaambiana, "Bwana Afya huyo anakuja."

Sasa, Festo ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye msemaji. Kijana akampenda Salome, binti wa Mgeta, ikapangwa siku ya kwenda kuposa, na wa kufungua mdomo mbele ya wakwe ni mimi na si mwingine. Festo alikuwa hajalala siku mbili, kwa sababu mposaji aliyemtangulia alirudishwa mikono mitupu, eti mjomba wake aliongea kwa dharau.

"Mjomba, nakuomba," akaniambia, "leo tu, kula chakula cha watu."

"Nitabeba changu," nikamjibu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Asubuhi hiyo hiyo nikaingia sokoni, nikachagua saa nzima: matango, matunda damu yale mekundu hadi ndani, na karoti, jamani, karoti zile, changa, majani bado yana unyevu, zimefungwa mafungu kwa kamba ya mgomba. Nikajaza kikapu. Tukapanda mlima kwa gari la rafiki yake Festo, mimi nikimweleza faida za karoti mpaka tukafika.

Sijamaliza hata shikamoo ya pili, akina mama wakanipokonya kikapu kwa vigelegele. Walidhani ni zawadi! Nikatabasamu tu. Bibi yake Salome, Bibi Theresia, mwanamke mwembamba mwenye mikono migumu ya jembe, akatoa fungu moja la karoti, akaligeuza, akalitazama fundo la kamba.

"Baba, hizi nimezifunga mimi mwenyewe juzi," akasema. "Umeona zinakumbuka nyumbani ukaamua kuzirudisha?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila chakula changu ndio kikawa kimeingia ndani hivyo. Ukaletwa wali, nyama na maharage. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba sili vilivyopikwa.

Mzee Mkude, mjomba wa Salome, akaweka kijiko chini. "Chakula chetu kina nini?"

Nikamwona Festo anatazama viatu vyake. Nikababaika, macho yakatua kwenye beseni kibarazani, vipande vyeupe vimemenywa vimelowekwa, nikasema, "Hakina kitu mzee, ila mimi nitafurahi na huu mhogo wenu, mbichi hivi hivi," nikaongeza na somo la jinsi ya kutambua mhogo mzuri kwa weupe wake, nikatwaa pande kubwa, nikatafuna kwa kishindo ili waone ninavyokifurahia chakula cha nyumba ile. Bibi Theresia akapiga kelele, "Baba, usi..." lakini nilikuwa nimeshameza.

Lilikuwa gimbi. (Mluguru mzima, ndiyo, lakini wa kuzaliwa mjini, magimbi nayajua yakiwa kwenye sahani.) Gimbi bichi ni kama umetafuna upupu. Midomo ikavimba, koo likawaka, ulimi ukawa si wangu.

"Haya," akasema Mzee Mkude, "semeni kilichowaleta."

Nikasimama. Yaliyotoka yalikuwa mate.

"Huyu amekunywa?" akauliza mzee, na Festo akafunika uso kwa mikono. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na si kwa ajili ya koo langu.

Bibi Theresia akaja na ndimu, chumvi na ndizi mbivu, akaniinua kidevu kama mtoto. "Nyonya. Nyonya tena." Kisha, bado ameshika kidevu, akamgeukia Mzee Mkude. "Hajalewa. Ameona tumedhani anadharau chakula chetu, akala gimbi bichi ili tusiumie. Wewe umeshafanyiwa hivyo na nani?"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Na nani atasema sasa?"

"Nitamsemea mimi," akasema Bibi, akanitazama. "Mmekuja kumtaka Salome?" Nikaitikia kwa kichwa. "Kijana anafanya kazi?" Nikaitikia. "Atampiga?" Nikatikisa kichwa kwa nguvu hadi ndizi ikanidondoka mdomoni.

"Basi," akasema Bibi, "amesema."

Posa ikapokelewa. Jioni ile nililetewa magimbi yaliyochemshwa, ya moto, na maharage, nikala machozi yakinitoka. Niliwaambia ni koo. Haikuwa koo: ni yule mama, aliyekuwa na kila sababu ya kuniacha niaibike, akaamua kuniazima mdomo wake.

Bado napenda vibichi, ila mtu akinipikia nakula, na sing'ati tena nisichokijua jina. Festo na Salome wameshaoana, na kila msimu Bibi ananiteremshia kikapu, juu kabisa gimbi moja lililochemshwa, limefungwa kwa jani la mgomba, na chini yake karoti. Fundo lake nalijua sasa. Silikati kwa kisu. Nalifungua kwa vidole, namshukuru kwa sauti, ndipo nakula, naanza na gimbi.