Kidole cha Shemeji

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto havikupotea kwa bahati mbaya. Vilipotezwa na watu wawili, na wote bado wanakula ugali vizuri hapa Pasiansi. Wa kwanza ni mwenye gereji, aliyeazimisha jeki ya kupandishia giaboksi kwa rafiki yake wa Usagara na mpaka leo hajaifuata. Wa pili ni kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu. Siku ile kazi yake ilikuwa moja tu: kuangalia.

Bila ile jeki, giaboksi tunaipandisha kwa kifua. Unalala chali chini ya gari, unaikumbatia, unaisukuma mbele mpaka shafti yake iingie kwenye klachi pleti, meno kwa meno. Uliye chini huoni kitu. Unamsikiliza anayechungulia pembeni, aseme "imekaa". Shemeji alisema imekaa. Nikaachia mkono mmoja nishike bolti. Haikuwa imekaa; ikanishukia, ikavunja mbavu na kuondoka na vidole viwili.

Nilipotoka hospitali nikakuta hadithi imeshapikwa: eti nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye pombe sijawahi kuionja! Shemeji ndiye aliyeianzisha, bosi akaitikia. Mke wangu akasema, "Ni kaka yangu, baba, yaishe." Nami niliishia darasa la nne, ningeenda kuajiriwa wapi? Nikarudi pale pale.

Mwezi uliopita likaja gari la kuvuta tairi zote nne. Giaboksi imekufa pamoja na transfa, ile sehemu ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma. Ikapatikana seti nyingine iliyotumika. Nikasema tuitenganishe, tupandishe kimoja kimoja. Bosi akagoma.

"Mwenye gari anasubiri. Pandisheni vyote, si mko wanaume wawili?"

Mkia wa transfa tukauegemeza juu ya tairi bovu. Mbele nikabeba mimi. Shemeji akapiga magoti pale tulipotoa tairi la mbele, anachungulia. Nikasukuma. Mafuta ya zamani yakanidondokea shingoni. Mbavu zilizovunjika siku ile zikaanza kunikumbusha.

"Imekaa!" akasema.

Mikono yangu haikuachia.

"Weka kidole hapo katikati ya giaboksi na injini."

"Kidole cha nini tena, shemeji? Si nimesema imekaa?"

"Kama imekaa hakiingii. Weka."

"Acheni utoto nyie!" bosi akafoka.

"Bosi, kama una haraka, njoo uweke cha kwako."

Wachomeleaji wa jirani wakacheka. Chuma kimenilalia kifuani, pumzi inaingia kidogo kidogo. Nikaona mkono wake ukishuka. Kidole cha shahada kikaingia kwenye ule upenyo mpaka kiungo cha pili.

"Bado," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Bado! Kinaingia!"

"Na siku ile ulikiweka?"

Kidole chake kilikuwa bado mle, na yeye alijua, na mimi nilijua. Kusukuma kidogo tu, meno yakutane, basi. Wala nisingehitaji hadithi ya pombe. Ningesema tu mikono imechoka.

"Sikuangalia, shemeji," akasema. Sasa sauti ilikuwa kubwa, ya kila mtu. "Nilikuwa naongea na simu. Nikasema tu imekaa. Na pombe hukunywa."

Bosi akageuka, akajifanya anatafuta spana.

"Toa kidole."

Akatoa. Nikamwambia ainue mikono yote miwili juu niione. Akainua. Ndipo nikasukuma, nikaizungusha kidogo, ikalia *tak*, uzito ukaniondokea kifuani.

"Imekaa," nikasema mimi, na bado nikamwagiza aweke kidole tena. Safari hii hakikuingia.

Sijamsamehe. Na jeki bado iko Usagara.